Mtaro Uliofukiwa

Mwanamke aliyekuwa akigawa maji kwenye skimu ile ya umwagiliaji hakuwa amezaa hata mara moja, lakini kila mtu alimwita Mama Geti. Watani walisema mageti yote ya mfereji ni wanawe, na kwa jinsi alivyoyapaka grisi, akayafuta tope na kuyagombeza yakikwama, hakuna aliyebisha. Kila asubuhi alipita juu ya ukingo wa mfereji mkuu na hendeli yake ya chuma begani, akifungua kwa huyu, akifunga kwa yule, na salamu alizopata zilitegemea zamu ni ya nani. Mwenye zamu alimwamkia kama anamwamkia mama mkwe. Aliyefungiwa aliinama ghafla kufunga kamba za viatu, hata kama amevaa ndara.

Ukisimama juu ya ukingo ule na kutazama kushoto, uliona mahindi, maharage na vitunguu, kijani mpaka macho yanashiba. Ukigeuza shingo kulia, uliona nyika: nyasi za rangi ya kamba kuukuu, vumbi, na baada ya vumbi, vumbi jingine. Kati ya pande hizo mbili palikuwa na mfereji wenye upana wa chumba cha kulala, basi. Mvua ya huko huja ikijisikia, na mara nyingi haijisikii. Bila mfereji ule, huyo bwana mwenye vitunguu vya kujigamba navyo angekuwa mjini analinda mlango wa mtu.

Baba yake Mama Geti alikuwa na shamba karibu na mwisho wa mfereji. Watu walimwita Mzee Fimbo, kwa sababu ujana wake wote alikuwa mfugaji, na alipoacha kufuga hakuiacha fimbo. Alilima nayo kwapani. Maji yakiingia shambani aliichomeka kwenye tuta kupima yamezama kiasi gani, kisha akaichomoa na kuipangusa tope kwa kiganja, polepole, kwa uso wa mtu aliyekula akashiba.

Ng'ombe wake walikwisha wote katika ukame ambao hata leo watu wa kule wakiutaja hupunguza sauti. Hawakufa kwa mkupuo. Walilala mmoja mmoja, wakakataa kuinuka, naye akakaa na kila mmoja mpaka mwisho, ilhali mto ulikuwa umebaki mchanga mtupu. Mama Geti alikuwa msichana mdogo, lakini alikumbuka baba yake akiuchimba mchanga ule kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Mtu wa namna hiyo ukimpa maji, hatajua kusema yametosha. Hilo tulielewe tangu mwanzo, maana ndilo lililoleta balaa.

Kila shamba katika skimu lilikuwa na njia mbili za maji. Juu palikuwa na geti la kuyaingizia, na chini, upande wa mteremko, mtaro wa kuyatolea yaliyozidi. Kamati ilikataza kabisa kuziba mtaro. Mzee Fimbo aliuvumilia wa kwake misimu michache, akisimama pale kila baada ya zamu na kutazama maji yakichuruzika kwenda zake kwenye nyika ya chini, mashamba yanapoishia.

"Yanatoroka haya," alimwambia binti yake, huku akisonya. "Ng'ombe wangu wamekufa kwa kukosa maji, leo niyaangalie yakitoroka?"

Mwishowe alichukua jembe, akaufukia mtaro wote, akaushindilia kwa miguu na kupanda mahindi juu yake. Mwaka ule mistari hiyo ya juu ya mtaro ilinenepa kuliko yote, na mzee aliwaonyesha wapita njia kama anayeonyesha mtoto aliyefaulu mtihani. Mama Geti aliona. Kuona ndiyo ilikuwa kazi yake. Alijiambia kwamba kesho atawaeleza wenzake wa kamati, na hiyo kesho haikufika.

Msimu uliofuata mahindi yalitoka mafupi, yenye ncha zilizoungua, na Mzee Fimbo alivuna magunzi. Hapo ndipo shida ilipoanza kunuka. Watu waliokuwa wakisubiri shamba kwenye skimu walikuwa wengi, na kanuni ilisema shamba likishindwa misimu miwili mfululizo anapewa mwingine. Kaka yake Mama Geti, fundi wa mafriji mjini, alikuwa amekwisha kumwandalia baba chumba cha uani, safi, chenye dirisha linalotazama ukuta. Mzee alikwenda kukiona mara moja tu. Aliporudi aliiacha chai ikapoa, kisha akasema, "Chumba ni kizuri. Lakini mimi si kuku wa kufugwa ndani." Binti yake alicheka, halafu akaona kwamba baba yake hacheki.

Basi msimu huo ulipoanza, wote wawili waliushika kwa meno. Mahindi yaliota, yakafika magotini, yakaanza kukunja majani wakati wa joto la mchana. Jioni Mzee Fimbo alikuja nyumbani kwa bintiye, akaketi kwenye kigoda karibu na jiko, akaiweka fimbo juu ya mapaja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Yana kiu, mwanangu."

"Zamu yako ilikuwa juzi. Nilikufungulia mpaka matuta yakazama."

"Najua. Lakini mchana yanakunja majani. Kitu chenye kiu kinaonekana."

Alikunywa chai yake, akaaga. Siku ya pili yake, baada ya zamu za upande ule kwisha, Mama Geti alirudi kwenye geti la baba yake, akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku, akazungusha hendeli. Maji yaliyoingia yalikuwa ya watu wa mwisho kabisa wa mfereji, na mama mmoja mwenye vitunguu alikuja kulalamika kwamba kwake yanafika yakichechemea. Mama Geti akamjibu kwamba ni kwa sababu mchanga umejaa kwenye mfereji. Ni kweli mchanga ulikuwepo. Uongo ulikuwa kwenye "kwa sababu."

Alifanya hivyo tena, na tena. Ajabu ni kwamba kila alipoyaongezea mahindi yale maji, ndivyo yalivyozidi kunyauka. Udongo ulikuwa umelowa kiasi cha kunyonya ndara mguuni, na juu yake mmea umekunja majani kama uko jangwani.

Bwana shamba alikuja na pikipiki yake, kijana mpole aliyependa kuchuchumaa na kushika udongo kabla ya kusema. Hakugusa mahindi. Aliomba sepetu, akachimba shimo katikati ya matuta, akaketi pembeni kusubiri. Maji yakaanza kutoka ubavuni mwa shimo, yakapanda mpaka yakabakiza shibiri moja tu kufika juu.

"Mzee, unayaona haya? Haya hayakutoka kwenye mfereji leo. Ni ya chini, yamepanda. Ardhi ya nyika hii ina chumvi huko chini tangu zamani. Ukimwaga maji mengi na hayana pa kutokea, yanaivuta chumvi mpaka kwenye mizizi. Mtaro wako uko wapi?"

Mzee Fimbo alitazama pembeni. "Mahindi yanakunja majani, kijana. Yana kiu."

"Yana kiu, ndiyo. Yamezungukwa na maji yasiyonyweka."

"Maji yasiyonyweka!" Mzee alicheka kwa sauti, akamgeukia binti yake ili acheke naye. "Huyu kasomea wapi, huko kusikokuwa na kiangazi?"

Binti hakucheka. Bwana shamba alijipangusa mikono, akaongea naye taratibu, bila ubishi. "Mama Geti, hendeli unayo wewe. Funga maji hapa, mchimbe mtaro hata kama unapita kwenye mahindi. Msimu huu sidhani kama utapona, lakini ardhi itapona. Mkiendelea hivi, hata ardhi mtaipoteza."

"Nimesikia," alisema Mama Geti. Ni neno zuri, halimfungi mtu.

Lakini alifunga. Siku nne za mwanzo wa juma lile alipita mbele ya geti la baba yake bila kuligeukia, kama anayepita mbele ya polisi. Zamu ya mzee ilipofika hakumfungulia. Alimwamini bwana shamba. Alikuwa amelitazama lile shimo likijaa lenyewe bila mtu kumimina kitu.

Kisha baba yake akaja. Hakuja nyumbani, alimfuata juu ya ukingo, mchana kweupe, watu wakipita. Alisimama mbele yake na kufanya jambo ambalo Mama Geti hakuwahi kumwona akimfanyia mtu yeyote, si mwenyekiti wala daktari. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili kifuani.

"Mama," alimwita, kama alivyokuwa akimwita alipokuwa mdogo na anaumwa. "Sijawahi kukuomba kitu."

"Baba, vaa kofia yako."

"Niliwaona wakilala mmoja mmoja. Wewe ulikuwepo, ingawa ulikuwa mdogo. Siwezi kuona tena kitu changu kinakufa kwa kiu na maji yanapita pale. Hata kama nakosea, mama. Siwezi."

Mtu akikwambia "hata kama nakosea," na mtu huyo ni baba yako, na nywele zake zimekuwa nyeupe na kichwa kiko wazi juani, utafanyaje? Tusimtetee. Alijua. Alijua kama anavyolijua jina lake kwamba maji yale ni sumu pale, na kwamba mwenye hendeli ni yeye. Akazungusha. Maji yakaingia kwa kelele, baba yake akavaa kofia, akashuka shambani na fimbo yake kuyapokea.

Haikupita wiki, mfereji mkuu ukafungwa kule kwenye banio, pale yanapochepushwa maji kutoka mtoni, ili mchanga uondolewe. Kila mwenye shamba alitakiwa kuleta sepetu. Bila maji, mfereji uligeuka handaki la tope, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka ulipoanza nyika na mashamba vikawa havina kizuizi katikati. Mzee Fimbo hakwenda shambani kwake siku hizo. Alisema hawezi kuliangalia likikauka. Alikaa juu ya ukingo kutwa nzima, kama ndugu wa mgonjwa kwenye benchi la hospitali, akiuliza kila aliyepita maji yatarudi lini.

Alasiri moja Mama Geti alikuwa ndani ya mfereji na wenzake, tope mpaka magotini, waliposikia kengele za ng'ombe. Wafugaji waliokuwa wakihama nyikani walikuwa wanapitisha kundi lao karibu, na sehemu moja ambapo kingo zilikuwa zimelala ng'ombe wakashuka, wakapanda upande wa pili.

"Ng'ombe! Ng'ombe wameingia!" alipiga kelele mama wa vitunguu, na watu wote wakatoka mferejini na masepetu yao. Kwa mkulima yeyote, ng'ombe ndani ya shamba ni jambazi. Lakini kundi lile lilivipita vitunguu, likayapita maharage, likaenda moja kwa moja, mwendo wa haraka, mpaka shamba la Mzee Fimbo.

Mzee mwenyewe alikuwa mbele ya wote. Alikimbia, kofia ikamwanguka, fimbo imeinuliwa juu. Mama Geti alimfuata akihema, sepetu mkononi na hendeli yake begani, akiogopa atamwumiza mtu. Walipofika kwenye kona ya shamba, mzee akasimama ghafla, na fimbo ikabaki juu.

Siku zile chache za ukavu zilikuwa zimetosha. Shamba lilikuwa limegeuka jeupe. Weupe ulianzia chini, pale mtaro ulipofukiwa, ukapanda juu ya migongo ya matuta kama unga uliomwagika. Mahindi yaliyobaki yalisimama katikati yake, makavu, yenye rangi ya karatasi ya kufungia sukari. Na ng'ombe hawakuwa wanakula mahindi. Walikuwa wameinamisha vichwa kati ya mistari, wamefumba macho nusu, wanalamba udongo.

"Wapige, mzee! Unangoja nini?" alipaza sauti mama wa vitunguu.

Mchungaji wao alifika mbio, jasho likimchuruzika. "Nisamehe, mzee wangu. Wamenishinda nguvu. Wamenusa."

"Wana muda mrefu hawajalamba chumvi?" Mzee Fimbo aliuliza, na sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayeulizia habari za nyumbani.

"Muda mrefu. Kule tulikopita hakuna."

"Waache kwanza. Ukiwatoa katikati watakusumbua njia nzima."

Alishusha fimbo. Aliingia kati ya wanyama wale, akiwagusa migongoni kwa kiganja ili wampishe, akitoa mluzi mdogo ambao binti yake alikuwa hajausikia tangu utotoni. Akainama. Alikwangua ule unga mweupe kwa ukucha, akauweka kwenye ulimi, akabaki ameinama hivyo hivyo. Hakuna aliyehitaji kumweleza kitu. Maisha yake yote alikuwa akiwatembeza ng'ombe mwendo mrefu kutafuta ardhi ya namna ile, akiifurahia akiipata, na alijua kwamba mahali wanapolamba hapaoti hata jani. Alikuwa ameyajua hayo kabla bwana shamba hajazaliwa. Ila hakuwahi kudhani kwamba mahali kama pale panaweza kutengenezwa na mtu kwa mikono yake.

Watu walirudi mferejini mmoja mmoja, kwa aibu ya kushuhudia. Mchungaji alipolikusanya kundi lake na kuondoka, wakabaki baba na binti.

"Bwana shamba alisema," Mzee Fimbo alianza.

"Alisema, baba."

"Ulimwamini?"

Angeweza kudanganya. Mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka tayari. "Nilimwamini."

"Siku ile nilipokufuata pale ukingoni. Ulikuwa unamwamini?"

"Ndiyo."

"Na ukanifungulia."

"Uliniomba, baba. Ulisimama pale juani umevua kofia." Machozi yakaanza kumtoka, akayafuta kwa mkono wenye tope, akajipaka uso mzima. "Ningefanyaje?"

Mzee alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi.

"Ungeninyima."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali. Ningekutukana, ningekwenda kwa kaka yako nikamwambia sina binti. Lakini ungeninyima."

Akachukua sepetu ya binti yake kutoka mkononi, akaenda chini, kwenye ile mistari iliyokuwa fahari yake, akaanza kuchimba. Aling'oa mashina ya mahindi yaliyokauka na kuyatupa pembeni bila kuyaangalia. Mama Geti alikimbia kuazima jembe kwa jirani, akajiunga naye. Walichimba mpaka mikono ikafa ganzi.

"Watalichukua tu, baba," alisema hatimaye. "Hata tukichimba. Msimu ndio huo umekwisha."

"Najua."

"Na kaka atakuja kukuchukua."

"Najua. Chimba." Akapiga sepetu nyingine. "Atakuja mtu hapa na mbegu zake, na watoto wake. Asikute nimemwachia hivi."

Walipovunja kipande cha mwisho, kile kilichoshindiliwa zaidi, hapakuwa na maji kwenye mfereji wala mvua angani, lakini mtaro ulianza kulowa. Ardhi yenyewe ilikuwa ikitoa. Matone yalitoka kwenye kingo, yakakutana chini, yakawa kijito chembamba cha rangi ya chai, kikasogea polepole kuelekea nyikani. Mama wa vitunguu alikuwa akipita na sepetu begani, akashindwa kujizuia.

"Mzee Fimbo! Maji yanatoroka!"

"Yaache yaende," alisema mzee.

Alisimama kuyaangalia kwa muda mrefu. Kisha aliinama, akaokota hendeli ya chuma ambayo binti yake alikuwa ameitupa kwenye majani, akaipangusa tope kwa kiganja, polepole, kama alivyozoea kuipangusa fimbo, na kumkabidhi.

"Maji yakirudi," alisema, "geti langu usiliguse. Hata nikija."

"Sawa, baba."

"Hata nikivua kofia."